Jani Moja la Alovera

Niseme mapema tusije tukadanganyana: alovera za mume wangu sikuzipenda hata siku moja alipokuwa hai. Zilikuwa saba, zimepangwa kwenye kona ya uwanja chini ya upenu, na kila moja ilikaa ndani ya chombo changu. Moja kwenye beseni la kufulia, mbili kwenye sufuria zilizotoboka, nne kwenye mikebe ya maziwa ya unga. Na zile sufuria hazikutoboka zenyewe. Ile ya kwanza ilikuwa inavuja kidogo tu, fundi angeiziba, lakini nilipotoka sokoni nilimkuta ameshaipiga matundu sita kwa msumari, anacheka.

"Maji lazima itoke," akaniambia. "Hii mumea ikikaa na maji inakufa."

"Na mimi nikikaa bila sufuria nitapika kwenye kofia yako?" nikamjibu.

Ile kona niliitaka nipande biteku-teku, mchicha wetu, mboga ya kuliwa na watu. Alovera huwezi kuilia samaki. Tuligombana juu ya kona ile miaka mingi, na alishinda kwa njia yake ya siku zote, yaani kunyamaza na kuendelea.

Kisangani mvua haina adabu. Inakuja bila kuuliza mwezi. Kwa hiyo aliziweka chini ya bati, juu ya matofali, na udongo wake si udongo wa uwanjani. Alikwenda mwenyewe kununua mchanga wa mtoni, akaurudisha nyumbani kwa toleka, baiskeli zetu za abiria, gunia limekaa nyuma yeye anatembea pembeni. Akauchanganya na vipande vya makaa vilivyopondwa. Maji alizipa kwa nadra sana. Alichomeka kidole kwenye mchanga, akikuta baridi huondoka zake bila neno. Mimi niliona ni uvivu.

Alikuwa fundi mbao, na mikono yake haikukosa kidonda. Ijumaa, akirudi kutoka msikitini, ndiyo ilikuwa siku ya kukata. Jani la ndani hakuligusa. Alichukua la nje, lililonona, akalikata karibu na shina. Halafu alilisimamisha kwenye kikombe, sehemu iliyokatwa ikiangalia chini, lidondoshe maji yake ya njano. Hayo ndiyo machungu yenyewe, tena yananuka kama kwapa la mpagazi, na aliyamwaga mbali. Baada ya hapo aliliosha, akatoa miiba ya pande mbili, akamenya ganda kwa kisu chembamba, ikabaki ile nyama yake inayoteleza, angavu kama maji. Aliikata vipande vidogo, akavitia kwenye chupa ya kioo, akamwagia asali ya msituni wanayoleta akina mama wa njia ya Masako, hadi vipande vikazama. Juu yake ndimu. Kwenye kifuniko alibandika plasta ya vidonda na kuandika siku kwa kalamu.

Friji tunayo, lakini umeme wetu wa bwawa la Tshopo una tabia za mgeni mbaya: unaingia bila hodi na kutoka bila kuaga. "Asali haingojei umeme," alisema. Ile chupa ilikuwa ya mikono yake na ya visigino vyangu. Nikikohoa alinipa kijiko kimoja, wala si viwili, na wajawazito aliwakataza kabisa.

Jambo jingine lililonikera ni ugawaji. Alovera huzaa watoto pembeni mwa mama yao, na wale watoto hakukaa nao. Aliwapa watu: wateja, majirani, hata mtu aliyepita kuuliza njia. Na alikuwa na mwiko wake. Ukipewa mche, usiseme asante. "Muche haushukuriwi," alisema. "Ukishukuriwa unakauka." Basi utamwona mtu mzima amesimama na kimche mkononi, mdomo wazi, hajui aondokeje. Mimi jikoni nilinong'ona kwamba iko siku atagawa na mlango wa nyumba.

Homa ilimwanza Jumapili. Alhamisi tulimzika.

Eda yetu ni miezi minne na siku kumi. Mjane anakaa nyumbani mwake, hajipambi, hajitii manukato, hatoki bila dharura. Watu hudhani ugumu ni kukaa ndani. Hapana. Ugumu ni watu kwisha. Siku tatu za kwanza uwanja ulijaa wanawake, sauti, masufuria ya kuazima, hadi nikatamani waende zao nilie peke yangu. Mungu alinisikia haraka mno. Baada ya arobaini walibaki wawili watatu wanaopita siku ya Ijumaa, wanakaa ukingoni mwa mkeka, wanasema "pole, mama," wanaangalia mlango. Binti yangu, mtoto wetu wa pekee, alirudi Kinshasa. Ana mume, ana kazi, nifanyeje, nimfunge kamba?

Cherehani yangu niliifunika kwa shuka. Mimi ni mshonaji, na kazi yangu kubwa ni vikwembe, vitenge vyetu, vya harusi, na nani ataleta kitambaa cha bibi harusi kwenye nyumba ya eda? Siwalaumu. Hata mimi nisingepeleka.

Nilikuwa mpweke, nalisema waziwazi, sina haja ya kulipamba. Nilitwanga lituma, ndizi zetu za kuponda, ya watu wawili kwa sababu mkono ulizoea kipimo hicho, halafu nikaila yote kwa hasira. Nilizungumza na redio. Nilimjibu mtangazaji.

Siku moja, nimekaa barazani, macho yangu yaliangukia ile kona. Saba, zimejipanga kwenye giza la upenu kama watoto walioadhibiwa. Nikaona huruma. Nikasema, masikini, na nyinyi hamna anayewatembelea. Nikainuka, nikazibeba moja moja hadi ukingoni mwa baraza, mbele ya mkeka wangu, mahali ninapoziona na zinaniona. Chini ya kila chombo nikaweka sahani, mchanga usinichafulie sakafu. Na nikaanza kuzimwagia maji, asubuhi na jioni.

Mnacheka. Chekeni. Nikizimwagia maji nilikuwa na kazi, na nikiwa na kazi nilikuwa na mtu wa kusema naye. Niliziambia yote. Niliziambia kuhusu ile sufuria. Niliziambia kwamba nilikuwa namwita mvivu mtu aliyeamka kabla ya adhana maisha yake yote. Na niliweka nadhiri moja moyoni: siku nitakapooga na kubadili nguo, siku nitakapotoka eda, nikute kitu kimoja cha mkono wake kinaishi. Kimoja tu. Vitanda na viti alivyotengeneza vilikwenda kwa watu. Mtoto yuko Kinshasa. Zilibaki hizi saba.

Mwanzoni zilinenepa. Majani yalivimba, yaking'aa, na mvua iliyotiririka kutoka kwenye bati iliziongezea. Nikavimba na mimi. "Unaona, mzee," nikasema kwa sauti, "wewe ulikuwa unazinyima."

Ilikuwa kipindi hicho, eda haijafika nusu, jirani yangu alipobisha hodi. Huyu ni mama wa upande wa Isangi, Mkristo, watu wa mto, anakausha samaki kwa moshi na kuwauza sokoni. Kati ya uwanja wake na wangu kuna kiwambo cha matete. Miaka minane tulisalimiana juu ya kiwambo, na tuligombana juu ya kiwambo pia, maana moshi wake uliingia kwenye vitambaa vya wateja wangu. Kwake sikuwahi kutia mguu. Mchana huo alisimama mlangoni pa uwanja, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa.

"Hodi, yaya." Kwetu yaya ni dada mkubwa.

"Karibu," nikasema, bila kuinuka.

"Pole tena juu ya papa, bwana yako."

"Tumeshapoa."

Akasogea kidogo. Akaangalia mkeka, akaangalia alovera, akaangalia tena mkeka. "Bon, yaya, nilikuja kuomba jani moja tu ya alovera. Mukono imeungua na moto ya samaki."

Jani moja. Zilikuwa na majani hayana idadi, na mume wangu angemkatia matatu kabla hajamaliza kusema. Lakini mimi niliona kisu kinaingia mwilini mwa kitu changu.

"Hivi ni vitu vya marehemu," nikamwambia. "Eda haijaisha, mirathi haijagawiwa. Hapa hakikatwi kitu."

Astaghfirullahi. Hiyo sheria ya mirathi ya majani niliitunga pale pale, haimo katika kitabu chochote. Yeye hakubisha. Aliendelea kusimama, kama mtu anayengoja neno lingine. Mwisho akasema, "Haina neno, yaya. Kaa muzuri." Akaondoka polepole. Ule upole niliuchukia, niliona ni namna ya kunisuta.

Mwezi wa tatu wa eda alovera ya kwanza ililegea. Rangi ya shina ikawa ya kahawia, na nilipoligusa jani, likanifuata mkononi lote, bila kukatwa, limeoza kwenye kitako. Harufu ikatoka. Nikasema, ina kiu. Nikaongeza maji! Juma lililofuata zikawa tatu. Ndipo nilipompigia simu binti yangu.

"Mama, unamwangia maji mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni."

Nikasikia anavuta kiti, akakaa. "Papa alikuwa anamwangia mara moja kwa majuma mawili. Na wakati wa mvua, hapana kabisa."

"Hamkuniambia."

"Haukuuliza, mama. Ulikuwa unagombana naye."

Nilitaka kumkemea, lakini angekuwa amekosea nini? Akanielekeza nikate majani ambayo bado mazima, niyamenye, niyasage, niyatie kwenye vile vikombe vya barafu, yagande. Huko Kinshasa ndivyo anavyofanya. Nikayakata kumi na moja. Nikayasimamisha kwenye vikombe kama nilivyomwona mzee akifanya, nikamenya, nikajikata mkono mara mbili, nikasaga, nikatia kwenye friji. Asali ilikuwepo kabatini, nusu chupa. Sikuitumia. Binti alisema barafu, na mimi nilikuwa na haya ya kubisha tena.

Umeme ukaondoka Jumanne. Ukarudi Jumamosi. Nilipofungua friji, yale maji yalikuwa yamechacha, yana povu juu. Nikayamwaga mahali pale pale mzee alipomwagia yale ya njano. Wazee walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Sikumlaumu mtoto. Nyoka alikuwa mimi.

Zilizobaki nilizirudisha kwenye kona, juu ya matofali, nikaondoa zile sahani. Kwenye kila sahani maji yalikuwa yamesimama, ya kijani, yana viluwiluwi vya mbu. Nikaacha kumwagia. Nikachelewa. Moja moja zililala, na siku tano kabla eda haijaisha nikang'oa ya saba, ile ya beseni. Mizizi ilitoka kama uzi uliooza. Nililia siku hiyo kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi kulikuwa na watu wa kunishika.

Eda ikaisha. Nikaoga, nikavaa kikwembe cha buluu, nikatoka. Badala ya kwenda kwa shemeji zangu kama ilivyo heshima, nilipanda toleka nikaenda moja kwa moja hadi karakana ya zamani ya mzee. Nilikumbuka kwamba aliwahi kupanda mche mmoja pale mlangoni. Karakana imekuwa duka la vifuniko vya simu. Mlangoni pamewekwa saruji. Nikamwuliza muuzaji.

"Mama, hapa hapajakuwa na maua."

"Si maua!" nikamkemea, mtu wa watu hana kosa lolote. Akanipa kiti. Nikakataa, nikarudi nyumbani.

Vyombo saba vimekaa pale, tupu, na matundu yao. Nikakaa navyo. Nikawaza ni nani mwingine mzee alimpa mche, na aibu ikanishika, maana sikumkumbuka hata mmoja. Yeye alikuwa akigawa, mimi nilikuwa jikoni nanung'unika. Halafu nikaukumbuka ule mkono uliofungwa kitambaa. Miezi miwili na zaidi, na sikuwahi hata kuuliza kama ulipona. Kabatini kulikuwa na chupa ya mwisho ya mzee, robo yake imebaki, plasta na mwandiko wake juu ya kifuniko. Nikaichukua. Nilisema, nimemnyima jani, nimpelekee hii, hata kama kovu limeshakauka. Hasira hasara, na hasara yangu nilikuwa nimeshaiona.

Nikazunguka kiwambo. Hatua thelathini, labda pungufu. Nilimkuta ameinama juu ya chanja, anageuza samaki, moshi umemzunguka.

"Yaya! Umetoka!" Akapiga makofi. "Nzambe, Mungu wangu, umetoka!"

Sikumjibu. Nyuma yake, chini ya upenu ambao kutoka kwangu hauonekani, juu ya matofali, zilikuwa zimepangwa alovera. Kwenye mikebe, kwenye nusu ya dumu, kwenye birika bovu. Nilihesabu hadi kumi na tisa nikaacha. Nene, za kijani, na kila moja ina watoto wake.

"Hizi umezitoa wapi?"

"Kwa papa. Mwaka nilifika hapa alinipitishia moja juu ya kiwambo. Akakataza nisiseme asante." Akacheka. "Hizi yote ni watoto yake."

Nikashika nguzo. "Na siku ile ulikuja kwangu kuomba jani."

Akageuza samaki mmoja, akamgeuza tena yule yule.

"Mukono iliungua kweli, yaya. Lakini jani, nilikuwa nayo. Tulisikia kwenu watu hawaingie kwa mujane bila sababu. Alors nikasema, nitafute sababu. Nilifikiri utakata, utaosha, itachukua wakati. Na mimi nitakaa kidogo pale kwa mukeka."

Nilikuwa nikikisikia kila siku kikohozi chake, nikisikia anavyoimba nyimbo za kanisa lake akipanga kuni. Alikuwa upande wa pili wa matete, unene wa kidole, na mimi nikiliambia beseni habari zangu. Angekaa kwenye ule mkeka, angeona zile sahani, angeniambia, yaya, maji haya mingi. Mume wangu alimfundisha yeye. Mimi alinikuta nina kelele.

Nikampa ile chupa. Aliisoma plasta, akaifuta kwa kanga yake, akanirudishia mikononi. "Hii ni ya kwako. Kaa nayo." Akachukua kisu, akachimbua watoto wawili kwenye lile birika, akawakung'uta mchanga. Akaniambia niwaache kivulini siku mbili mizizi ikauke kwanza, ndipo nipande, na nisimwage maji. "Hata ukihurumia," akasema, akiniangalia machoni. Alikuwa ameniona juu ya kiwambo, kila asubuhi na jioni. Aliogopa kuniambia.

Nikasimama na miche miwili mkononi. Neno la asante lilinifika mdomoni, nikalizuia kwa meno. Nilikuwa nimesimama kama wote aliowapa mzee, mtu mzima, mdomo wazi, sijui niondokeje.

Basi nikachukua mmoja, ule mwingine nikamrudishia.

"Huu uache hapa kwako," nikamwambia. "Nitakuwa ninakuja kuomba jani."